Barua ya wazi kuhusu dawa iliyofichwa ndani ya mfuko wa chakula cha mifugo

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma;
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA);
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS);
Msajili, Baraza la Veterinari Tanzania.

Yah: Viuavijasumu (antibayotiki) vinavyouzwa kwa jina la vitamini na vikuzio

Waheshimiwa,

Mimi ni mfugaji wa kuku wa nyama katika Kata ya Nzuguni, Jiji la Dodoma, na nyuma ya banda la kuku nina ng'ombe watatu wa maziwa. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi hii. Nimeamua kuwaandikia kwa uwazi, badala ya kupeleka barua ya kawaida masijala, kwa sababu jambo ninalolileta halina ofisi moja inayoweza kulimaliza peke yake: dawa ya mifugo inasajiliwa kwa mmoja wenu, viwango vya chakula cha mifugo vinawekwa kwa mwingine, daktari wa mifugo anaandikishwa kwa wa tatu, na mfuko ninaoununua mimi dukani unapita katikati yenu nyote.

Miaka mitatu iliyopita nililea vifaranga mia tano ambao hadi wiki ya pili walikuwa hawaongezeki. Mfugaji yeyote wa broila anaijua hofu hiyo, maana kuku wa nyama ni hesabu ya siku. Akichelewa wiki moja tu, faida yako anaimaliza yeye mwenyewe kwenye kilishio. Nikaenda mjini kwenye duka la dawa za mifugo. Kijana aliyekuwa kaunta aliniamkia kwa heshima, akanisikiliza, kisha akanishushia pakiti ya gramu mia moja yenye picha ya jogoo mwekundu. "Mama, hii changanya kwenye chakula au weka kwenye maji kila siku. Ni vitamini na kikuzio. Wafugaji wote wanachukua hii." Sikuuliza zaidi, na naungama kwamba nilifurahi kuondoka na kitu mkononi. Niliitumia tangu siku hiyo hadi asubuhi ya kuuza. Kuku walitoka vizuri, wakanunuliwa na mama lishe wawili na familia moja iliyokuwa na sherehe ya kipaimara, nami nikanunua pakiti nyingine nne za akiba.

Kundi la tatu baada ya hapo liliugua. Kuku walihara, wakavimba macho, wakawa wanakoroma usiku. Nikampigia simu Bwana Mifugo wa kata, naye akaja siku hiyo hiyo, akapasua wawili, akaniuliza nimewapa dawa gani. Nikamjibu kwamba sijawapa dawa yoyote, nawapa vitamini tu. Akaomba kuiona. Aliigeuza pakiti, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akasoma maandishi madogo ya lugha ya kigeni yaliyokuwa chini kabisa karibu na mshono, halafu akanitazama kwa muda. Pamoja na vitamini A, D na E, pakiti ile ilikuwa na oksitetrasaiklini na kolistini. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiwapa kuku wangu viuavijasumu viwili, ambavyo mitaani tunaviita antibayotiki, kwa kipimo kidogo kisichotosha kutibu ugonjwa wowote, na nilikuwa tayari kuapa mbele ya mtu yeyote kwamba kuku wangu hawajaonja dawa.

Dawa aliyotuanzishia haikufua dafu, na ya pili vilevile. Sampuli iliyopelekwa maabara ilirudi na jibu kwamba bakteria aina ya E. coli waliokuwa kwenye viungo vya kuku wale walikuwa sugu kwa tetrasaiklini na kwa dawa nyingine mbili. Nilizika karibu nusu ya banda. Sisemi kwamba pakiti ile peke yake ndiyo iliyozaa usugu huo, kwa sababu vifaranga wanaweza kuja na bakteria sugu kutoka kwenye kituo cha kutotolea. Ninachojua ni kwamba niliwalisha bakteria hao dawa kidogo kidogo kila siku, na kwamba hakuna njia bora zaidi ya kuwafundisha bakteria kuizoea.

Waheshimiwa, mimi najua kuhesabu siku za kusubiri, yaani siku za kungoja baada ya kutoa dawa kabla ya kuuza nyama, maziwa au mayai. Ng'ombe wangu akichomwa sindano ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20 yenye kukaa muda mrefu mwilini, nasoma lebo ya chupa, ambayo kwa bidhaa niliyozoea huandika siku 28 kwa nyama na siku 7 kwa maziwa, kisha naandika tarehe kwenye daftari. Lakini siku za kusubiri zinahesabiwa kuanzia siku ya mwisho ya kutoa dawa, na mtu asiyejua kama ametoa dawa hana siku ya kuanzia. Elimu yote tunayopewa kwenye semina, pamoja na mabango ya Nanenane hapa Nzuguni yanayotuasa tusiuze nyama na mayai kabla ya muda, inamfikia mfugaji anayeishika chupa ya dawa na kujua kwamba ni dawa. Yule anayeshika mfuko wa "kikuzio" anaipita elimu hiyo bila hata kujua kwamba ilimhusu. Hili ndilo jambo zima la barua hii, na yaliyobaki nayaeleza ili maombi yangu yaeleweke.

Kwa upande wa maziwa, angalau kuna mlinzi wa asili. Mwaka jana ng'ombe wangu mmoja alivimba kiwele, akatibiwa kwa dawa ya kuingizwa kwenye chuchu, na kijana anayenisaidia, kwa kosa la maelekezo yangu, akachanganya maziwa yake na ya wenzake. Jirani anayenunua maziwa kwangu na kugandisha mtindi wa kuuza alikuja siku ya pili akiwa amekasirika, akidhani nimeongeza maji, kwa sababu maziwa yalikuwa yamekaa kwenye kibuyu na kwenye ndoo bila kuganda. Hayakuwa na maji. Yalikuwa na dawa iliyoua bakteria wema wanaogandisha mtindi. Nilimrudishia fedha, nikamwaga yaliyobaki, na tangu hapo ng'ombe anayetibiwa anafungwa kitambaa chekundu mguuni. Nyama na mayai havina mtindi wa kuvisemea. Nyama yenye mabaki ya tetrasaiklini ina rangi ileile, harufu ileile na ladha ileile, na kuipika kunaua bakteria lakini hakuwezi kutegemewa kuondoa mabaki ya dawa.

Ni vyema pia kukumbuka jinsi dawa ilivyoingia kwenye chakula cha mifugo hapo mwanzo, kwa sababu iliingia kwa mlango huuhuu wa vitamini. Mwaka 1948, katika maabara za Lederle nchini Marekani, Thomas Jukes na Robert Stokstad walikuwa wakitafuta chanzo cha bei nafuu cha vitamini B12 kwa ajili ya vifaranga. Wakawalisha masalia yaliyobaki baada ya kutengeneza dawa ya klotetrasaiklini, na vifaranga wakakua kuliko vitamini peke yake ilivyoweza kueleza. Kilichokuwa kikiwakuza ni mabaki ya dawa ndani ya masalia yale. Baada ya tangazo la mwaka 1950, viwanda vya chakula cha mifugo vya nchi nyingi vilianza kuchanganya dawa kwa kipimo kidogo kama kawaida ya kazi. Miongo saba na zaidi baadaye, kwenye rafu ya duka la Dodoma, dawa bado inavaa nguo ya vitamini.

Nchi zilizoanza ndizo zilizotangulia kurudi nyuma. Uingereza ilipata onyo la kamati ya Swann mwaka 1969, iliyoshauri kwamba dawa zinazotumika kutibu watu na wanyama zisitumike kukuzia. Sweden ilisimamisha vikuzio vyote vya antibayotiki mwaka 1986, na ninapenda sana kulitaja hili kwa sababu walioomba zuio hilo walikuwa wafugaji wenyewe, waliohofia kupoteza imani ya walaji. Denmark ikafuata katika miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya wote ukafunga mlango tarehe 1 Januari 2006, Marekani ikaondoa matumizi ya kukuzia kwa dawa muhimu kwa binadamu mwaka 2017, na China ikaondoa vikuzio vya antibayotiki kwenye chakula cha mifugo mwaka 2020. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake Novemba 2017, likipendekeza kwamba dawa muhimu kwa tiba ya binadamu zisitumike kabisa kukuzia mifugo. Viwanda vinavyokatazwa kuuza bidhaa ya namna hii kwao havikosi kutafuta soko kwingine, na soko hilo lisiwe sisi.

Kolistini naiombea aya yake yenyewe. Hii ni dawa ya zamani ambayo madaktari wa binadamu waliiweka kando kwa sababu ya madhara yake kwenye figo, kisha wakalazimika kuirudia kwa wagonjwa mahututi ambao bakteria wao wameshindikana kwa dawa nyingine zote. Ni akiba ya mwisho. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kwamba wamegundua jeni la usugu dhidi ya kolistini, lililopewa jina mcr-1, ambalo linaweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, na walilikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa hospitalini. China yenyewe, iliyokuwa ikitumia kolistini kwa wingi mashambani, iliiondoa kwenye matumizi ya kukuzia mwaka 2017. Mimi, mfugaji wa Nzuguni ambaye sijawahi kuingia wodi ya wagonjwa mahututi, nilikuwa naimwaga dawa hiyo kwenye kilishio kwa kijiko cha chai.

Haiishii bandani pia. Sehemu kubwa ya tetrasaiklini anayomeza kuku hutoka kwenye kinyesi ikiwa bado ni dawa, pamoja na bakteria waliokwisha kuizoea. Mbolea ya banda langu hununuliwa na akina mama wanaolima mchicha na chainizi kwa maji ya visima, na mboga hizo huishia kwenye masoko yetu ya mjini, nyingine zikiliwa kachumbari. Nchi yetu imekwisha kulitambua hili, ndiyo maana tuna Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA, wa kwanza wa mwaka 2017 hadi 2022 na wa pili wa mwaka 2023 hadi 2028, unaozikutanisha sekta za afya, mifugo na mazingira chini ya dhana ya Afya Moja. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 yaliyochapishwa mwaka 2022 yalihesabu vifo milioni 1.27 duniani vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi kwa idadi ya watu wake.

Naomba hapa niseme jambo linaloweza kuwaudhi baadhi ya wateja wangu, lakini bila kulisema barua hii itasomwa vibaya. Karibu kila wiki mteja huniuliza, "Mama, hawa si wale kuku wa homoni?" Wapo akina baba wanaoamini wataota matiti, na wapo mama wanaowakataza binti zao kula kuku wa kisasa wasije wakavunja ungo mapema. Kuku wa nyama hakui haraka kwa sababu ya homoni. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiiweka kwenye chakula humeng'enywa tumboni kama dagaa, na kumchoma kuku mmoja mmoja sindano tena na tena kungegharimu kuliko bei ya kuku mwenyewe. Kinachomkuza ni uzao. Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada kililea pamoja, kwa chakula kilekile, kuku wa uzao wa mwaka 1957 na wa mwaka 2005: kufikia siku ya 56, wa kwanza alikuwa na gramu 905 na wa pili gramu 4,202. Chakula kilikuwa kimoja, na dawa haikuwa siri ya tofauti hiyo.

Homoni za kweli ziko kwa ng'ombe, na ziko mbali nasi kwa sasa. Marekani inaruhusu vidonge vidogo vinavyopandikizwa chini ya ngozi ya sikio la ng'ombe wa nyama, vyenye estradioli, projesteroni, testosteroni au homoni za kutengenezwa kama zeranoli na trenboloni, na ipo nyingine ya jamii hiyo inayochanganywa kwenye chakula cha mitamba. Umoja wa Ulaya umekataa nyama hiyo tangu mwaka 1989, na pande hizo mbili zimegombana hadi kwenye Shirika la Biashara Duniani. Ng'ombe wanaoletwa mnada wa Msalato kila Jumamosi wamekula nyasi za Bahi na Chamwino na kutembea kwa miguu. Sina sababu ya kuwashuku. Ila unenepeshaji wa kibiashara unakua, nyama yetu inauzwa hadi nchi za Ghuba, na kanuni ni rahisi kuiandika kabla mtu hajawekeza kuliko baada yake. Niliyoyasema kuhusu homoni yanatosha. Nimeyasema kwa sababu hofu ya homoni isiyokuwepo imewafanya walaji wasiulize kuhusu antibayotiki iliyopo, na wauzaji wengine huandika "haina homoni" kwenye bango kwa herufi kubwa, jambo ambalo ni kweli tupu na halina gharama yoyote kwao.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo naiheshimu, kwa sababu niliwahi kuitetea mimi mwenyewe: kwamba tukiondolewa vikuzio hivi, kuku watadumaa, bei itapanda, na mlaji wa kawaida wa Dodoma atakosa kitoweo. Jibu linaanzia kwenye namna dawa hizi zinavyofanya kazi. Wataalamu wanaeleza kwamba hupunguza bakteria tumboni na uvimbe mdogo mdogo wa utumbo, hivyo chakula kinachopotea kupambana na uchafu kinaenda kwenye nyama. Ndiyo maana faida yake huwa kubwa kwenye banda chafu na lililobanana, na huwa ndogo sana kwenye banda safi lenye chanjo na hewa. Denmark walipoacha, kuku wa nyama hawakuanguka. Waliopata taabu kwa muda ni vitoto vya nguruwe vilivyoachishwa kunyonya, vilivyohara na kuhitaji tiba, hadi wafugaji walipobadili umri wa kuachisha na chakula. Mpito una gharama, nami siufichi. Lakini kwa mfugaji wa kwetu, kununua kikuzio mara nyingi ni kulipia banda ambalo hajalisafisha na chanjo ambayo hakuipata kwa wakati.

Na mara nyingine ni kulipia mahindi mabovu. Hili halisemwi vya kutosha hapa kanda ya kati. Wengi wetu tunachanganya chakula wenyewe: mahindi na pumba kutoka Kibaigwa, mashudu ya alizeti yanayopatikana hapahapa na Singida, dagaa, chokaa na premiksi ya dukani, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, uliowaua watu, na mahindi ndiyo yaliyokuwa chanzo. Mahindi yanayokataliwa na mlaji hayatupwi. Yanashuka bei na kuja kwenye kilishio. Kuku aliyekula sumukuvu hudumaa, ini lake huharibika, kinga yake hushuka na chanjo haishiki vizuri. Akipelekewa antibayotiki hawezi kupona, kwa kuwa sumu ya kuvu si bakteria. Nikikumbuka vifaranga wangu wa pakiti ya jogoo mwekundu, nakumbuka pia kwamba msimu ule nilinunua mahindi ya bei ya chini yaliyokuwa na ukungu kwenye baadhi ya magunia, nami nikajiambia kwamba kuku hawachagui.

Kwa hiyo naomba, Waheshimiwa, na ombi la kwanza ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Mfuko wowote wa chakula, premiksi, vitamini au kikuzio cha mifugo kinachouzwa Tanzania, kiwe kimetengenezwa hapa au kimeagizwa, kikiwa na kiuavijasumu ndani yake, kiandikwe upande wa mbele, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka na mtu mzima asiye na miwani: kwamba kina dawa, jina la dawa hiyo, kiasi chake kwa kila kilo, kinatibu ugonjwa gani, kwa mnyama yupi, na siku za kusubiri kwa nyama, maziwa na mayai. Neno "vitamini" lisiruhusiwe kuwa jina la bidhaa yenye dawa. Bidhaa hizo zisikae rafu moja na chokaa na mashudu. Ziwekwe pamoja na dawa, nyuma ya kaunta, na zisajiliwe kama dawa. Mfuko usio na kiuavijasumu nao utamke hivyo, na anayeandika uongo awajibike kama anayeuza dawa bila kibali. Hili halihitaji maabara mpya wala bajeti kubwa ili lianze. Linahitaji ofisi zenu zikae meza moja na kuamua bidhaa ya namna hii ni ya nani.

La pili, itamkwe kwa kanuni iliyo wazi kwamba kiuavijasumu chochote muhimu kwa tiba ya binadamu hakisajiliwi wala kutangazwa kwa matumizi ya kukuzia, na kolistini iondolewe kwenye chakula na maji ya mifugo kabisa, ibaki pale ambapo daktari wa binadamu ataihitaji.

La tatu linahitaji busara zaidi, na hapa naomba nisikilizwe kama mtu wa chini. Ni rahisi kuandika kwamba hakuna dawa bila cheti cha daktari wa mifugo. Lakini kata nyingi za mkoa huu hazina daktari wa mifugo, na mfugaji wa Mpwapwa au Chemba ambaye ng'ombe wake ana homa usiku hawezi kumsubiri daktari wa mjini. Kanuni ikiandikwa bila kumfikiria huyo, dawa itahamia kwenye mikoba ya wachuuzi wa minadani, na hata lebo tutakuwa tumeipoteza. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 inawatambua pia wataalamu wa ngazi ya kati, wanaofanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Wapewe kitabu chenye vishina, waandike dawa kwa mnyama mgonjwa waliyemwona, kishina kimoja kibaki dukani na kingine kwa mfugaji, na orodha fupi ya dawa nzito ibaki kwa daktari peke yake. Sitaki mnyama mgonjwa anyimwe tiba. Anayeugua atibiwe, kwa kipimo kamili na kwa siku zote zilizoandikwa. Asiyeugua asilishwe dawa.

Upimaji wa mabaki ya dawa ufanyike kwenye machinjio, kwenye masoko ya kuku na kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, na matokeo yatangazwe kila mwaka kwa mkoa, bila kuwataja majina wafugaji wanaokutwa na kosa kwa mara ya kwanza, bali kwa kuwarudia na kuwaelekeza. Vipimo vya chakula cha mifugo vichukuliwe dukani, kama mteja anavyonunua, na si kwenye sampuli inayoletwa na mwenye kiwanda. Pale vitakapoonyesha sumukuvu, taarifa ifike kwenye maghala. Na gharama hizi zisiishie kuwa ada mpya kwa mwenye kuku mia mbili, maana ada zikizidi, watu hufugia uani kimya kimya na hakuna mkaguzi atakayewaona.

Yapo ambayo tayari mnayo mikononi. Wakala ya Maabara ya Veterinari hutengeneza chanjo ya mdondo aina ya I-2 inayostahimili joto, inayofaa kwa mkoa kama wetu wenye umeme wa kukatika na majokofu machache. Taasisi ya Utafiti wa Mifugo ina kituo Mpwapwa, na ingefaa sana ikituandalia michanganyo ya chakula cha kuku wa nyama kwa malighafi za kanda hii, hasa mashudu ya alizeti yaliyochujwa ganda, ili mfugaji asipouona ukuaji aangalie kwanza protini kabla ya kukimbilia kaunta. Kijana aliyeniuzia pakiti ile hakuwa mtu mbaya. Aliniuzia alichoambiwa na msambazaji, na mafunzo mafupi kwa wauzaji wa maduka haya yangefika mbali kuliko msako wa siku moja wenye kamera.

Pakiti ya jogoo mwekundu ninayo bado, pamoja na jibu la maabara, na kutoka Nzuguni hadi Mtumba si mbali. Nitaileta siku yoyote nitakayoitwa. Kundi nililo nalo sasa bandani lina siku 23. Kwenye daftari langu, safu ya chanjo imejaa tarehe zake, na safu ya dawa ina mstari mmoja wa dawa ya kuhara damu, yenye siku zake za kusubiri zilizokwisha kuhesabiwa. Chakula cha kuanzia nilichanganya mwenyewe, hivyo najua kilichomo. Chakula cha kumalizia nimenunua cha kiwandani, na katika safu yake nimeandika jina la mfuko na uzito, kwa sababu mfuko wenyewe haukuniambia zaidi ya hapo. Mteja akiniuliza wiki ijayo kama kuku hawa wamekula dawa, jibu ninalo kwa nusu tu ya maisha yao.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mfugaji wa kuku wa nyama,
Kata ya Nzuguni,
Dodoma.